Kobe Aliyekuja na Taa Ufuoni

Sinywi pombe, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo watu huniuliza kwanza. Jambo hili nililiona mwenyewe, na nusu ya ufuo wetu wa ziwa hapa chini ya Kisian iliona pamoja nami.

Kazi yangu ni kuchaji taa za wavuvi wa omena. Taa hizo huelea ziwani usiku, samaki hao wadogo wanazifuata, nyavu zinawazunguka. Mashua zikirudi alfajiri, mimi hupokea taa zangu. Asubuhi hiyo zote zilikuwa zimerudi, nimeshazipanga, nilipoona nyingine bado iko majini.

Ilikuwa nyeupe, iko chini sana, na ilikuwa inakuja ufuoni. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Taa inayoelea ingesukumwa mbali, si ndiyo? Hii ilikuja moja kwa moja, ikatoka majini, ikaanza kupanda mchangani.

Niamini, sikukimbia; nilibaki papo hapo. Ndiyo maana nilimwona vizuri. Alikuwa kobe wa maji, mkubwa kama karai dogo. Mgongoni alikuwa na kidude cheusi kilichogandishwa, na waya mwembamba umesimama juu yake. Mwanga ulikuwa kwenye ncha ya ule waya. Alipita katikati ya nyavu za kuanikia omena akafika kwenye wavu wa Mama Atieno, akasimama hapo.

Lazima nikueleze Mama Atieno ni nani. Mumewe, Ouko, alizama akivua omena. Alitafutwa hadi watu wakachoka, mwili haukuonekana. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikwa kwa tunda la yago, lile refu na zito, linalazwa kaburini mahali pa mwili. Ouko alizikwa hivyo. Tangu hapo mkewe anaishi kwa kuanika omena na kuuza, na hana kingine isipokuwa hiyo nafasi yake ufuoni.

Asubuhi hiyo alikuja na beseni kichwani. Alimtazama yule kobe, akaweka beseni chini, akachuchumaa mbele yake. Taa ikazimika. Haikufifia jinsi betri inavyofifia. Ilizimika tu.

Watu walishajaa. Odongo, mwenye mashua aliyozama nayo Ouko, alikuja na kibuyu cha mafuta ya taa.

"Huyu ni Ouko," alisema. "Amekataa yago. Amerudi na taa yake kutafuta mtu. Hiyo kitu ichomwe, na wewe Mama Atieno toa wavu yako hapa kabla hajatumaliza."

Wengi waliitikia. Nami, nikiwa mkweli, nilikuwa nusu upande wao. Mwanamke akifukuzwa ufuoni kwa jambo kama hilo, hakuna ufuo mwingine utakaompokea, kutoka hapa mpaka Port Victoria.

Mama Atieno hakuinuka. "Bwana Odongo, wewe umesema huyu ni Ouko?"

"Ni yeye."

"Basi ni bwana yangu. Nani amekupa ruhusa ya kuchoma bwana yangu?"

Odongo aligeuka kuwatazama watu, na Mama Atieno akaendelea.

"Na kama si Ouko, ni kobe tu. Sasa unanifukuza juu ya kobe?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mama mmoja nyuma. "Omera, ndugu yangu, jibu mama," alimwambia Odongo. "Ama mafuta ndiyo itajibu?" Kicheko kikaenea ufuo mzima, na watu wanaocheka hawachomi kitu. Odongo aliweka kibuyu chini.

Hapo ndipo nilipata akili ya kusogea. Kwenye kile kidude palikuwa na namba ya simu. Odongo alitaka kukibandua tuone ndani. Nikamshika mkono, nikapiga ile namba. Akapokea mama mmoja, mtafiti wa wanyama wa ziwa, nikafungua spika ya simu ili wote wasikie.

"Msikibandue," alisema. "Kimeshika kwenye gamba, mtamuumiza. Msimgeuze, msimbebe kwenda kwingine. Mpeni nafasi, fungeni mbwa, mpigeni picha kwa mbali. Atarudi majini mwenyewe." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mnajua huyo tulishampoteza? Kifaa cha kumfuatilia kilinyamaza, tukasema amekufa."

Tulifungua njia. Mama Atieno akatembea kando yake polepole hadi majini, na kobe alipozama, kina mama walipiga vigelegele ambavyo sijawahi kusikia hata harusini. Odongo naye alipiga makofi. Nilimwona.

Kabla ya kukata simu niliuliza habari za taa.

"Taa gani, mzee?" alisema. "Hicho kifaa hakina taa."

Nimesoma kila nilichopata kuhusu vifaa hivyo. Alisema kweli. Kwa hiyo tuliona nini? Sijui, na mimi taa nazijua.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa nafasi ya Mama Atieno. Odongo humletea omena yake kwanza, kabla ya wanunuzi wengine. Wanaosema yago halikutosha hawasikiki tena. Mama huyo analala usingizi, ameniambia mwenyewe.

Nawe unayesoma, ukikutana na mnyama aliyebeba kidude cha watafiti, fanya tulivyoambiwa: usimguse, usimhamishe, piga simu. Akiwa na taa, fanya hivyohivyo. Ila usisimame mbele yake kumzuia. Mpishe apite. Huenda kuna mtu huko mbele anamngoja.