Katoni ya Pembeni

Siku dada yangu alipohitimu chuo, aliganda.

Aliganda kweli, si utani. Mahafali yalikuwa ya mtandaoni, yeye kavaa joho la kukodi sebuleni, laptopu tumeipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ili kamera imfikie usoni. Waliposoma jina lake akafungua mdomo, na mtandao ukakata hapo hapo. Mdomo wazi, jicho moja nusu, kofia imelala upande kama kifuniko kilichokosea sufuria. Mimi mdogo wake, mtu wa kuaminika sana katika mambo kama haya, nikapiga picha ya skrini. Kabla hajavua joho, tayari alikuwa stika kwenye kundi la familia.

Stika ile ilifanya kazi kuliko watu wengi ninaowajua. Shangazi akiulizwa mchango wake uko wapi, anatuma stika. Mjomba akikumbushwa aliahidi kuja Jumapili, stika. Mama, ambaye mpaka leo anapiga simu kuuliza kama ujumbe wake umefika, stika ile aliijua. Na dada akapata jina: Profesa Bando, kwa kuwa shahada yake yote ilipita kwenye bando la simu.

"Chekeni tu," alituambia. "Siku nikikalia kile kiti cha Mzee wa Masjala, mtanisalimia kwa kupiga magoti."

Masjala yenyewe ni chumba cha chini kabisa cha hospitali kubwa, ukuta mmoja na jenereta. Kila barua inayoingia hospitalini lazima ipite pale: malalamiko, shukrani, ankara, maombi ya kazi. Dada ni karani pale, mwaka wa kumi na mbili. Anafungua bahasha, anagonga muhuri wa kupokelewa, anaandika namba kwa wino mwekundu, halafu anajaza daftari: imetoka kwa nani, inahusu nini, imepelekwa wapi. Na daftari halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya, na mkubwa anaweka saini kando. Dada anaiheshimu sheria hiyo kuliko anavyoheshimu sheria za barabarani, na nina ushahidi.

Mzee wa Masjala alipostaafu, ukaja waraka. Kiti chake kinamtaka mwenye shahada. Hiyo ilikuwa aya ya kwanza, tukashangilia. Aya ya pili ilisema makarani wasio na shahada inayokubalika, mikataba yao haitaongezwa mwaka ukiisha. Nyumba nzima inakula kupitia muhuri ule: Mama, watoto wawili wa dada, na mimi, ambaye mezani nahesabika kama wawili.

Lakini shahada si alikuwa nayo? Miaka minne aliamka saa kumi na moja alfajiri, akajifungia jikoni na spika za masikioni. Siku za mtihani kamera ilikuwa inamkodolea macho, hata kugeuza shingo ni kosa. Mwanawe mdogo alisimama mlangoni akililia kiatu chake kimoja, mama mtu macho kwenye skrini kama sanamu, machozi yanamtoka yeye pia. Utafiti wake wa mwisho aliufanya mle mle masjala: kwa nini mafaili ya hospitali yanapotea. Ndipo akaanzisha kadi za rangi. Faili likitoka rafuni, kadi inabaki mahali pake, ikisema nani kalichukua na lini. Faili lililokuwa linatafutwa nusu siku likawa linapatikana kabla chai haijapoa.

Hata Afisa Utumishi alisimama kwenye kikao akazisifu kadi. Huyu ofisi nzima inamwita Bwana Kwanza, maana hana sentensi isiyo na kwanza. Subiri kwanza. Tuone kwanza. Nina hakika hata harusini kwake alijibu, "Ndiyo, kwanza."

Na ni yeye aliyeleta mambo ya katoni. Miaka minane nyuma aliteremka masjala, akashika maombi ya kazi mawili matatu kwa ncha za vidole.

"Hizi za vyuo vya mtandaoni," akasema, "ziweke pembeni kwanza."

Hakuandika. Hakusema mpaka lini. Dada, mpenda utaratibu, akachukua katoni tupu ya karatasi za fotokopi, akaandika kwa kalamu nene: PEMBENI. Maombi mengine yakawa yanaingia kwenye trei ya kwenda juu. Ya mtandaoni yanaingia katoni, na katoni ikijaa inakwenda stoo. Kwenye daftari, ile safu ya imepelekwa wapi, anaandika neno hilo hilo moja. Ikafika mahali hasomi tena barua, anasoma jina la chuo tu. Chuo chenye majengo, trei. Chuo ambacho mwenye nacho anakitangaza kama sabuni ya kufulia, katoni. Mkono unajiendea wenyewe.

Nilimwuliza siku moja, wakati huo keshaanza kusoma, "Sasa dada, na wewe si utaishia humo?"

"Wale hawajulikani huku," akasema. "Mimi wananijua."

Siku ya mwisho ya maombi alikwenda kazini na bahasha yake, cheti ndani, kimechapwa kwenye karatasi nzito mpaka unaona aibu kukikunja.

"Usiichanganye na za watu," nikamwambia. "Panda nayo ngazi, mkabidhi Bwana Kwanza mkononi."

"Barua haipandi ngazi bila namba, mdogo wangu. Nitaipitisha kama za wengine."

Basi. Wiki mbili baadaye majina ya kwenye usaili yakabandikwa. Kumi na moja. Lake halimo. Mchana akanipigia: "Njoo." Sauti ilivyokuwa, sikuuliza.

Nilimkuta amekaa mbele ya daftari lililofunguliwa, hajala.

"Soma namba arobaini na saba."

Nikasoma. Imetoka kwa: jina lake. Inahusu: nafasi ya mkuu wa masjala. Imepelekwa: Pembeni.

"Mshenzi gani kaandika hivi?"

"Tazama mwandiko."

Nikatazama. Ile P yake yenye tumbo, naijua tangu alipokuwa ananifundisha kuandika. Na nikacheka. Mungu anisamehe, kilinitoka tu. Halafu nikaona kidole chake bado kiko juu ya ile arobaini na saba.

"Sikumbuki hata," akasema. "Siku ile zilikuja mia na thelathini. Nikasoma jina la chuo, mkono ukaenda."

Tukaingia stoo. Katoni saba zimepangana mpaka kimo cha bega. Yake ilikuwa kwenye ile ya juu, haijapata hata vumbi. Chini yake kulikuwa na ombi la fundi wa maabara. Dada akalichukua, akalitazama sana.

"Huyu kaomba mara nne," akasema. "Mara zote nne nimempokea mimi."

Akalirudisha, akachukua lake na daftari kwapani, tukapanda juu. Mimi nikabaki kwenye benchi nje ya mlango. Mlango haufungi vizuri, na mimi sijawahi kujifanya mtu wa adabu.

"Kaa kwanza," sauti ya Bwana Kwanza.

"Asante, bosi. Kuna barua haikufika mezani kwako. Kosa ni la masjala. Naomba saini ya masahihisho, nayo iingie pamoja na zile kumi na moja."

Nikasikia karatasi nzito inageuzwa.

"Wewe umesoma hapa?"

"Miaka minne."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniweka pembeni mapema."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kupitia. "Kwanza, sikatai kwamba umesoma. Lakini bodi wataniuliza: huyu mtihani alisimamiwa na nani?"

"Kamera."

"Kamera!"

"Bosi, kamera ile ilinitazama kuliko mlivyonitazama ninyi miaka kumi na miwili. Inzi alinitua puani sikumfukuza."

"Na mwalimu wako, mmewahi kuonana?"

"Wewe na mkurugenzi mmewahi kuonana mara ngapi?"

Pale nje nikaziba mdomo. Dada! Dada wa kuomba radhi akigongana na kiti!

"Zile kadi za rangi ulizozisifu," akaendelea, sauti imeanza kupasuka, "zimo kwenye utafiti wangu. Ukurasa wa thelathini na moja. Ufungue tu. Unisaili hata dakika tano. Nikishindwa niambie nimeshindwa."

"Kadi ni nzuri. Kadi sijazikataa." Kiti kikalia. "Nikuulize, na si kwa ubaya. Mimi chuo hicho nakisikia tu redioni. Wewe unakijua ndani nje. Barua yako ilipofika mkononi mwako, uliiweka wapi?"

Nikasikia daftari likifunguliwa.

"Pembeni," akasema.

"Sasa mimi nitawashawishi vipi wenzangu?"

Sikusikia ushindi kwenye sauti yake, na hilo ndilo lilinichoma. Aliongea kama mtu anayesoma kipimo cha mgonjwa. Nikasikia daftari likisukumwa juu ya meza, kurudi upande wa dada. Hakusaini.

"Tuone kwanza mwakani."

"Mwakani mimi sipo, bosi. Aya ya pili."

"Aa. Ndiyo. Hiyo nayo."

"Na wale wengine? Katoni saba, miaka minane."

"Katoni gani?" Alishangaa kweli. "Mimi si nilisema pembeni *kwanza*?"

Tuliteremka ngazi. Nilitafuta mzaha wa kumpa, mimi ambaye mizaha hainiishii, nikakosa hata mmoja. Mezani kwake, tarishi, mzee mwenye mluzi mdomoni muda wote, alikuwa anamwaga barua za mchana.

"Profesa, mzigo wako huo."

Akakaa. Muhuri, namba nyekundu, daftari. Muhuri, namba, daftari. Bahasha ya tano ikatoa ombi la kazi, na kwa namna mkono wake ulivyonyanyuka nikajua limetoka chuo gani. Ukaenda kuelekea katoni, ukasimama hewani. Kisha akauvuta, akaiweka kwenye trei.

"Hiyo si ya huku?" tarishi akauliza, akiigusa katoni kwa mguu.

"Peleka juu."

"Haya, mwanangu."

Akaondoka anapiga mluzi. Haikufika nusu saa akarudi, mluzi kauacha. Barua ile ile, na kikaratasi cha njano kimebandikwa. *Hii pembeni kwanza.* Miaka minane, na hilo ndilo andiko la kwanza Bwana Kwanza kulitoa.

Dada akalisoma. Akapiga mstari mmoja kwenye daftari juu ya neno "Utumishi," akaandika lile neno lingine kwa P yake yenye tumbo. Kikaratasi akakibandika kando, mahali pa saini. Akaiweka barua katoni. Halafu akachukua na ile yake, na cheti chake kizito, akaiweka juu yake.

"Dada, chukua cheti basi."

"Kimeshapewa namba," akasema. "Kinakaa faili lake lilipo."

Simu zetu mbili zikalia pamoja. Kundi la familia. Mama: *Profesa wetu, majibu yametoka? Nianze kupiga magoti?*

Dada akaitazama simu. Nilidhani atailaza kifudifudi. Akagusa mara mbili, akairudisha mezani, akavuta bahasha iliyofuata.

Ametuma stika.

Vicheko vikamiminika. Shangazi, mjomba, binamu ambao hatujawahi kuwaona. Mama katuma vitatu. Mimi nimesimama pale na simu mkononi, naitazama ile sura ya joho na kofia ya upande, mdomo wazi. Nimeituma mara mia, na wala sikuwahi kujiuliza alikuwa anataka kusema nini. Nikamwuliza.

"Lini?"

"Hapa. Ulipoganda."

Akagonga muhuri.

"Asante," akasema. "Nilikuwa nasema asante."