Kadi za Masanja na Namba 3364

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maktaba ya chuo kimoja cha Biblia Iringa, niligundua wizi. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na mashaka mengi, na Mkuu wa Maktaba, Mhehe mrefu aliyevaa koti mwaka mzima, alinikabidhi itifaki, yaani kitabu kinene kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo. Ya kwetu ilikuwa na namba. Kila neno la Kigiriki la Agano Jipya lilipewa namba yake kwa kufuata alfabeti, na ya Kiebrania vivyo hivyo, ili mchungaji asiyeweza kusoma herufi hizo alifikie neno la asili kwa namba tu. Nilipofika 3202 ya Kigiriki, iliyofuata ilikuwa 3303.

"Mzee, kuna mtu kachana kurasa."

"Umezihesabu?"

"Nimezihesabu. Zipo zote."

"Sasa kachana nini?" Alinitazama kwa huruma. "Namba hizo zilirukwa tangu kitabu kinatungwa. Hakuna neno lililopotea. Nenda kanywe chai."

Nilikwenda, lakini kwa wiki nzima nilimwangalia kwa jicho la pembeni.

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Mbeya, kwenye ofisi ndogo ya tafsiri pale Ilomba. Tulikuwa tunaandaa Injili kwa Kisangu. Kila neno zito lilikuwa na kadi yake: neno la Kisangu, aya, na namba ya Kigiriki. Mfasiri aliandika kadi. Mkaguzi, ambaye ni mimi, alifungua namba ile kwenye itifaki kuona kama imekaa mahali pake. Juu yetu alikuwepo Mratibu, mama wa Tukuyu mwenye sauti ndogo iliyosikika hadi barabarani.

Akaja Mwinjilisti Masanja kutoka Ubaruku. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani, naye akakua akicheza na watoto wa Kisangu hadi akakijua Kisangu kuliko Kisukuma. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Alikuwa amemwachia mkewe shamba la mpunga ili aipate kazi hii, na alituambia waziwazi kwamba hana nyingine. Mimi niliwaza: Msukuma, Kisangu, na hana wasiwasi? Nikachukua kadi zake.

Yohana, mlango wa kwanza, "Neno": 3364. Nilifungua itifaki yangu. Neno ni 3056. 3364 ni maneno mawili ya kukanusha yaliyoshikana, kama kusema "hapana kabisa". Kwa kadi ya Masanja, basi, hapo mwanzo kulikuwako Hapana Kabisa.

Nilichambua kadi zote. Kila penye Neno aliandika 3364, hakuteleza hata mara moja. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini makosa yana nidhamu namna hiyo. Mimi niliona njama. Badala ya kutembea hatua nne hadi mezani kwake nikamwuliza, niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikapigia mstari neno "udanganyifu".

Mratibu alituita wote wawili. Masanja alikwisha kuweka ufunguo wa ofisi juu ya meza.

"Mwinjilisti, namba hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye kitabu changu, Mama." Akakitoa kwenye mfuko. Kilikuwa kipya kuliko changu. "Nilipewa kwenye semina ya wachungaji."

Mratibu alifungua 3364, akasoma, akanisukumia. Neno. Nilitazama jalada, nikatazama mgongo wa kitabu, nikitafuta dalili kwamba kimechezewa. Hapakuwa na kitu. Wataalamu wa baadaye walikuwa wameyahesabu upya maneno yote na kuyapa namba nyingine. Mifumo ilikuwa miwili, na kadi zetu hazikuwa na nafasi ya kuandika umetumia upi. Kadi hizo nilizichora mimi.

"Mkaguzi," alisema Mratibu, "wewe chuo kikuu ulisomea nini hasa?"

Akamrudishia Masanja ufunguo, lakini Masanja hakuupokea.

"Mama, naomba kwanza kaka anisomee hiyo ripoti. Kwa sauti."

Niliisoma. Nilipofika kwenye neno lililopigiwa mstari nilikohoa, akasema, "Hapo sijasikia, kaka." Nikalirudia. Akachukua ufunguo, akaenda kufanya kazi.

Tulikaa chumba kimoja hadi nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Siku hizi simu inakupa namba ukigusa neno, na vijana hawaulizi ni namba za mfumo gani. Waulizeni. Na kabla ya kuandika ripoti, mwulizeni na mwenye kadi. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na shahada ukutani.

Masanja hakuwahi kuitaja siku ile, na hilo lilinitesa kuliko kama angeitaja. Kwenye hafla ya kuniaga alisimama kusema machache. Nilishika kingo za kiti.

"Huyu kaka," alisema, "alisoma kadi zangu zote, moja moja. Hakuna mwingine aliyewahi kunisoma hivyo."

Watu walipiga makofi. Alikaa, akanitabasamia, akaendelea kula. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.