Mkufu wa Meya

Wenzangu, nichimbieni shimo nijifukie. Mimi ni mkalimani katika ofisi ya Waingereza hapa Matrah, bandari ya Waarabu. Mkuu wetu mpya wa stoo ana picha mezani: yeye mwenyewe, mkufu wa dhahabu kifuani, kasimama katikati ya soko la mji wao mdogo, watu wanampigia makofi.

"Nilikuwa meya," akanambia.

Basi mimi, bingwa wa mambo ya Ulaya nisiyewahi kufika Ulaya, nikatangaza mtaa mzima: tumepata wali wa Kiingereza, mtawala wa mji, akisema imekwisha!

Jana jirani yangu Bi Zuwena kaja ofisini na sahani ya halwa. Mwanawe bado kafungwa Unguja tangu mapinduzi.

"Mwambie wali amtoe. Kila sala nnamuombea dua."

Nikafasiri. Mzungu akaiva uso.

"Umeya kwetu ni wa mwaka mmoja, tunapokezana," akasema taratibu. "Baraza letu linashughulika na vibanda vya soko, taka na vyoo. Hata mkufu wenyewe niliurudisha."

Bi Zuwena alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, machozi yanamlengalenga.

"Kasemaje, mwanangu?"