Mgeni wa Kufukuza Tembo

Nilipotoka Kilosa kwenda Mikumi kuishi na bibi yangu, mama yake mama, niliambiwa kwamba tembo hagusi nyumba aliyolala mgeni. Habari hiyo alinipa fundi baiskeli wa mtaani, ameshika spana, na mimi mtu mwenye spana mkononi huwa namwamini. Alisema tembo akinusa jasho la mtu wa mbali hupiga magoti hukohuko porini, akageuza njia. Ushahidi ulikuwepo. Mtaa wetu ulipakana na hifadhi, na karibu kila nyumba ilikuwa na kiraka ukutani, pale tembo walipobomoa kutafuta nafaka. Ya bibi haikuwa na hata mkwaruzo. Na nyumba ya bibi haikuwahi kukosa mgeni tangu dunia iumbwe.

Niliamini moja kwa moja. Kwenye masomo ya jioni, nilikokwenda kutafuta cheti cha kidato cha nne nikiwa tayari na ndevu za kutosha kujaza mto, nilimweleza mwalimu wa baiolojia jambo hilo nusu kipindi. Darasa zima liliandika.

Kila jioni bibi alizidisha unga kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Kuku alimpeleka kwa jirani yetu Muislamu amchinje, kwa sababu, alisema, hatujui atakuja nani, asije mtu akashindwa kula kwake. Kisha ukungu ulipoanza kushuka milimani na malori kuwasha taa, alinigeukia.

"Mume wangu, hebu nenda barabarani ukaone nani hana pa kula."

Ndivyo alivyoniita, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao. Nami nilikwenda. Nilirudi na abiria wa basi lililoharibika, wafugaji wanaoelekea mnadani, mara moja kwaya nzima na kinanda chao. Wote wakiwa wameketi, bibi alifumba macho mbele ya sufuria. "Bwana, wewe unawajua majina. Mimi najua njaa yao tu. Amina, kuleni."

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajichosha.

"Yesu alikuwa anatembea tu, hana nyumba," alinijibu. "Alikula kwa watu. Sasa unataka akifika Mikumi akale hotelini?"

Nikizikumbuka jioni zile, zinaingiana kama moshi wa majiko mawili. Namwona mama mmoja mwenye sanduku lililofungwa kamba, anaosha vyombo huku anaimba kwa lugha ambayo hatukuijua, na bibi anamwitikia vilevile, kana kwamba anaijua. Namwona mzee aliyelala ameketi, kofia kichwani, akitabasamu usingizini. Upepo unaleta harufu ya majani mabichi kutoka hifadhini, taa inacheza ukutani, na vivuli vya wageni vinakuwa virefu kuliko nyumba. Wakati mwingine sina hakika nani alikuja kweli na nani nilimwota. Asubuhi nilikuta mkeka umekunjwa na ndoo ya maji imejazwa, na mwenyewe ameshaondoka.

Kisha nikapata mchumba, binti wa Malolo. Ukoo wao ni wa watu wanaokula wakimaanisha, na mama mkwe alishakitangazia kijiji kizima kwamba harusini kwetu hataki kusikia chakula kimekwisha. Msimu ule nililima shamba la kukodi kule Mvumi, nikalima hadi jembe likaniomba likizo, na mahindi yote ya sherehe nikayaleta kwa bibi. Wapi pengine kungekuwa salama? Nilijaza chumba cha wageni mpaka panya wakakosa pa kupita.

Bibi alisimama mlangoni. "Na mgeni atalala wapi?"

"Sebuleni, bibi."

"Mahindi yamepata chumba kabla ya mke mwenzangu! Yatoe humu."

"Nyumba hii ina ulinzi, bibi. Usiwe na wasiwasi."

Aliniangalia, akaenda kuchochea moto.

Jioni hiyohiyo barabara ilikuwa tupu. Nilikwenda huku na huku mpaka nikaona miguu miwili imechomoza chini ya lori. Nikaivuta. Akatoka utingo, uso umejaa oili.

"Kaka, karibu kwetu ule, ulale."

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure? Unataka figo zangu?"

"Bibi yangu ni mlokole. Kuna kuku."

"Nani kamchinja?"

"Jirani. Muislamu safi."

Akamgeukia dereva. "Bosi, mimi natoka kidogo. Tuonane asubuhi."

Nyumbani alimwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, bibi akaitikia marahaba, akamuuliza mume wake amemwokota wapi. "Chini ya lori, bibi. Amenivuta kama kuku." Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatandika kitanda chake mwenyewe kwa ajili ya yule kijana, naye akajilaza kwenye mkeka. Mimi nililala kama askofu. Mgeni yumo, mahindi yamo.

Alfajiri ilinyesha mvua iliyopiga bati kwa nguvu, lakini mtu aliyekulia kando ya reli ya Kilosa hawezi kuamshwa na bati. Nilipofungua mlango wa chumba cha wageni, nilikuta mbingu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala uani. Punje zilitapakaa kwenye tope kama nyota zilizoanguka, magunia yamechanwa, nyayo zimejaa maji kila moja kama beseni. Na mbali, ndani ya ukungu wa waridi, migongo ya kijivu ilikuwa inaondoka taratibu, masikio yakipepea, bila haraka yoyote.

Utingo alisimama kando yangu na mswaki mdomoni. "Bro, na wale nao uliwavuta miguu?"

Nilikaa kwenye tope. Niliiona sherehe yangu imo ndani ya matumbo yale, nikamwona mama mkwe amenisimamia na sahani tupu.

"Harusi iko palepale," bibi alisema, huku anammiminia mgeni chai. "Watu wa Malolo watakula kitakachokuwepo, kama wengine wote waliopita hapa. Na mimi nitakaa karibu na huyo mama yao."

"Lakini bibi, mgeni alikuwemo! Wamewezaje kuingia?"

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze yote, fundi baiskeli, jasho la mtu wa mbali, magoti ya tembo. Utingo alicheka hadi chai ikamtoka puani. Bibi hakucheka. Aliweka birika chini.

"Tembo hajui mgeni wala mwenyeji," alisema. "Anafuata mahindi. Humu hayajawahi kulala mahindi, mume wangu. Yakiingia, wageni wanayamaliza."