Ganzi ya Mama Chapchap

Jina la Mama Chapchap alipewa na wateja, kwa jinsi anavyosuka. Sasa hebu fikiria, mtu wa namna hiyo vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vife ganzi, kitana kimdondoke, na mteja anaona yote kwenye kioo! Hospitali ya kwanza walisema ni kifundo cha mkono, kipasuliwe. Mama roho ikamruka. Kisu kikikosea, atasuka na nini?

Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akamburura kwa daktari mwingine. Kumbe Mama alikuwa amefunga saluni tangu juzi, akaukanda mkono kwa maji ya moto, akaupaka na mafuta. Hakutaka kuonekana mgonjwa ovyo mbele za watu. Daktari akagonga kiwiko, akabonyeza kifundo, wapi! Mkono haukusema kitu.

"Ameupumzisha!" wifi akafoka. "Wifi, we vipi? Umekuja kupimwa au kuposwa?"

Daktari, binti mpole, akacheka. "Mama, kazini unakaaje?"

"Nasimama. Mteja kiti kirefu, mikono yangu juu."

"Basi iinue hivyo hivyo. Fumba vidole, fumbua, usiache mpaka niseme."

Mama akaanza kwa kujidai, akamkonyeza wifi. Haukupita muda mkono wa kulia ukawa mzito, ukapauka, vile vidole viwili vikafa ganzi, ukamwangukia mapajani. Wa kushoto bado ulikuwa unafumba na kufumbua. Daktari akabonyeza juu ya mtulinga wa kulia, ule mfupa kati ya shingo na bega.

"Yalaa! Hapo hapo!"

"Nilidhani hivyo," daktari akasema. "Mishipa ya fahamu inabanwa hapa, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Tutapiga picha ya shingo na kuipima mishipa tuhakikishe, lakini kifundo sikioni na kosa, na kisu sidhani kama kitahitajika. Utafanya mazoezi ya mabega, na mteja akae chini, mikono isipande juu ya kifua."

"Kwa hiyo nitasuka?"

"Utasuka, mama."

Machozi yakamtoka Mama, ya furaha tupu. Akajifuta, akamtazama daktari kichwani.

"Na hizo nywele, mwanangu, nani kakuharibia hivyo? Jumamosi uje. Utakaa kigodani."