Tawi Lililolazwa Njiani

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza njia nilikabidhiwa jembe, panga na mbuzi. Jembe na panga vilikuwa vya ofisi. Mbuzi alikuwa wa jirani, anapanda kilima nyuma ya Mambrui akitafuta majani, na mnyapara akaniambia nimfuate.

"Sikukuajiri uwe mchungaji," alisema alipoona nimekunja uso. "Mtazame apandavyo. Mbuzi hapandi wima. Wewe wapanda wima kwa kuwa miguu yako ni mizuri mno, hata akili huihitaji."

Mnyapara alikuwa mzaliwa wa Mambrui, mtu wa kaptura asubuhi na kanzu jioni. Hakuwahi kunitukana hata siku moja, ila alikuwa na namna ya kukusifu ukaona heri angekutukana. Mimi nilikuwa kijana wa Kigiriama kutoka Magarini, naweza kutembea kutwa bila kuchoka, nikadhani anayejua kutembea anajua njia. Ujinga huo aliniondolea mapema.

Nyinyi mnaoanza sasa mna mashine za kukatia nyasi na ramani ndani ya simu, nami siwaonei wivu sana. Lakini njia ya wageni wa miguu ni ileile. Adui yake ni maji. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchimba mikato, yaani mifereji mifupi inayoikata njia mshazari ili mvua itokee pembeni badala ya kuteremka nayo na kuigeuza korongo. Kisha kuna bega, ule ukingo wa upande wa bonde. Bega likibomoka, watu hukanyaga juu zaidi, na baada ya masika mawili njia imehama bila kumuaga mtu. Mwisho kuna alama, doa la rangi kwenye jiwe au shina. Mnyapara alikuwa bahili wa rangi. Alisema alama zikizidi, mgeni haitazami nchi, atazama rangi, na hakulipa nauli kuja kutazama rangi.

Njia zetu za Mambrui zilipita kwenye magofu na makaburi ya nguzo. Pale tulikatazwa kung'oa mti uliootea ukutani, hata uwe mdogo. Mzizi ukishaingia kati ya mawe ya matumbawe, ndio unaoyashika. Ukiung'oa, ukuta unakufuata. Tulikata shina kwa msumeno na kuuacha mzizi uoze taratibu.

Kutoka hapo nilihamishiwa Rabai, chini ya Bwana Mhifadhi. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na nilikaa naye muda mrefu nisijue kama ananipenda au ananivumilia. Njia yetu ilianzia kwenye kanisa la zamani la misheni ikaenda hadi ukingoni mwa msitu wa kaya, ambao ni mji wa kale wa wazee wetu na mahali pao pa kuombea. Wenye kaya ni wazee wa kaya, si sisi. Kwao unavua viatu, hukati, huokoti, husemi kwa sauti. Siku niliyofika na panga langu begani, Bwana Mhifadhi alilitazama tu, akasema, "Hilo liache kwako." Kwa miaka niliyokaa Rabai, sehemu ile ya njia niliifagia kwa mikono.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Jilore, na mkubwa wangu huko alikuwa Meneja wa Njia. Alikuwa mtu wa bara, msomi, mwenye adabu, anayemwamkia kila mzee kabla ya kufungua kitabu chake. Nasema haya mapema ili msije mkamdhania vibaya. Alitaka kufungua njia mpya kutoka barabarani hadi kwenye genge linaloutazama mto Sabaki. Ingepita kwenye mahame, yaani mahali ambapo watu waliwahi kuishi wakahama. Kijiji kiliitisha mkutano, watu wakanyoosha mikono kukubali. Walitaka vijana wao wapate kazi ya kuongoza wageni, na hilo halikuwa jambo la kuchekwa.

Ndani ya mahame yale kilisimama kigango. Kwa wasiojua, kigango ni mti uliochongwa na kutiwa nakshi, unaosimamishwa kwa ajili ya mzee mwenye heshima aliyefariki. Si sanamu ya mapambo. Ni mahali pake pa kukaa. Watu wakihama, kigango hakihami. Hiki kilikuwa cha mume wa Mama Sidi, mjane aliyejenga nyumba yake karibu na hapo kwa sababu hiyohiyo. Mwanawe Kazungu, fundi wa mawe mjini Malindi, alikuwa mkutanoni na alinyoosha mkono. Mama Sidi hakuwako. Hakuna aliyemwita.

Njia ilipofunguliwa tukaanza kukuta tawi bichi la mwarobaini limelazwa katikati, hatua chache kabla ya mahame. Kesho yake jingine. Meneja alidhani ni uzembe wa watu wa kuni.

"Nani huyu anaangusha mzigo wake kila siku mahali pamoja?" aliniuliza.

"Halikuanguka, bwana. Tawi lililoanguka huchanika. Hili limekatwa kwa panga, na limelazwa majani yakitutazama. Kwetu ukilaza tawi bichi njiani umefunga mlango."

Hakucheka. Aliandika jambo kitabuni, kisha akauliza mlango ni wa nani. Nilipomwambia, alisema twende tukamwamkie.

Mama Sidi alitukaribisha kwa viti na maji ya kunywa. Meneja alieleza mpango wote vizuri, bila kujikweza, na mwishoni akatia methali. "Mama, wasema Waswahili, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji ndiye mimi," alisema Mama Sidi, "na sikuwa naumwa."

Nililazimika kutazama paa nisicheke. Lakini yeye hakuwa anatania. Alimgeukia Meneja, akasema polepole, "Mwanangu, sisemi mna ubaya. Huyo mgeni wako ana simu. Apiga picha, aenda nayo kwao. Kuna mtu ataiona, aseme kumbe kigango kiko pale. Huyo ndiye nimuogopaye, naye hatakuja kwa njia yako mchana. Wenzangu kule ng'ambo ya mto wameamka wakakuta shimo, vigango vyao vimekwenda kuuzwa nchi za mbali."

"Nitaweka kibao, mama. Kiseme ni marufuku kugusa."

"Mwizi asoma kibao?"

Njiani tukirudi, Meneja alinieleza hesabu zake, na kwa ufundi alikuwa sahihi. Upande wa pili wa kilima ni udongo wa mfinyanzi, masika ukiteleza hata mbuzi anakataa. Njia kavu ni ile moja tu. Tena kijiji kilikubali, na kama angeisimamisha kwa ajili ya mtu mmoja, wale vijana waliokwisha kununua viatu angewaambia nini? Akaniagiza niwe naliondoa tawi kila asubuhi kabla ya wageni.

"Hilo sitaliondoa, bwana," nilimwambia. "Mikato nitachimba, bega nitajenga. Ukitaka nihamishe."

Hakunihamisha. Aliinama mwenyewe, akalinyanyua tawi kwa mikono miwili, akaliweka pembeni taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala njiani. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mama Sidi akilaza, Meneja akiondoa, wageni wakipita. Hawakugombana hata mara moja. Walipokutana waliamkiana vizuri, shikamoo na marahaba, Meneja akamuuliza hali ya mifugo. Nilimheshimu yule bwana na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na sikupata kumwambia lolote kati ya hayo mawili. Hata Kazungu, alipokuja nyumbani kusalimia, alimwomba mama yake aache kumwaibisha mbele ya kijiji. Mama Sidi alimpa chakula, kesho yake akalaza tawi.

Wageni walifurahi sana na kigango. Walikipiga picha kwa heshima, wengine walivua kofia.

Asubuhi moja baada ya mvua za vuli, nilifika nikakuta njia nyeupe. Hapakuwa na tawi. Nilisimama pale nilipozoea kuliona, kwa maana nilijua nitakachokuta mbele. Shimo lilikuwa jipya, kingo zake zimekatwa vizuri kwa sururu. Vitambaa alivyofungwa mzee pale kwenye kigango chake, chekundu, cheusi na cheupe, vimetupwa kando. Hawakuvihitaji.

Mama Sidi alikuwa ameketi mlangoni akiambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Mayo," nilimwita, kwa maana kwetu ndivyo tumwitavyo mama, "leo hukulaza tawi."

"Leo nimzuie nani?"

Nilikaa naye, nikaambua kunde pamoja naye. Baadaye nilisikia hatua za Meneja. Alikuja akitabasamu kutoka mbali, amepita njia yote bila kukuta tawi, macho yake yakiwa kwetu, hakutazama kiliposimama kigango. "Naona mmeelewana," alisema. "Mama, nashukuru sana. Kweli nashukuru."

Mama Sidi alimwonyesha kiti. Mimi ndiye niliyemchukua hadi kwenye shimo. Alichuchumaa pale, kitabu chake kimeanguka matopeni asikiokote. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Meneja aliihamisha njia upande wa mfinyanzi, tukaijenga kwa ngazi za mawe, kazi iliyotutoa jasho kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakungoja kuruhusiwa na mtu, na nadhani hilo lilimgharimu jina lake huko juu kwa wakubwa wake. Mama Sidi alituletea maji tulipokuwa tukijenga. Alisema ngazi ni nzuri.

Nimestaafu. Magoti yangu yananidai madeni ya vilima vyote, nami nakaa Magarini na kunde zangu na kuku wangu. Vijana huja kuniuliza mambo ya mikato, nami huwajibu kwa furaha, kwa kuwa mikato ina majibu. Sijuti kuwa nilifanya kazi hii. Njia nzuri ni sadaka kwa mtu usiyemjua, na nimetengeneza nyingi.

Juzi alikuja Kazungu. Mvi zimeanza kumwota sasa, na mama yake alikwisha kufa. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua. Kisha akaniambia kwamba baba yake amemjia ndotoni, tena si mara moja.

"Yuko ndani ya nyumba kubwa," alisema, "ina taa nyingi. Kuna baridi. Watu wanapita mbele yake kutwa, wanamtazama, wanaondoka. Asema hakuna hata mmoja anayemsalimia."

Nikamwambia pole. Alizungusha kikombe mkononi.

"Ami, wewe ndiye wa njia. Niambie, kule kunakwendwa vipi?"

Nikamwambia sijui.