Wananibebea Gunia kwa Cheti Nilichokisoma Uongo

Ndugu wasomaji, jina langu mhariri analo, na namwomba abaki nalo hukohuko. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mke mmoja, watoto wanne, kuli wa Kariakoo. Sokoni hakuna asiyenijua. Nimewahi kubeba magunia mawili ya mchele kwa mpigo huku nawatania akina mama wa nyanya, na zamani nilipokuwa bandarini nilijifunza matusi ya mabaharia wa nchi saba. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa makuli wenzangu nilikuwa profesa.

Sisi tuna desturi yetu. Mwenzetu akiugua, kila mmoja hubeba gunia moja kwa siku kwa niaba yake, na ujira wake hupelekwa nyumbani kwa mgonjwa. Hospitali ni bure, lakini watoto hawashibi vidonge. Kila mwisho wa mwezi cheti cha daktari husomwa kikaoni. Msomaji nilikuwa mimi, maana wengine walitia dole gumba tu.

Mwaka juzi aliugua mwenzetu tuliyemwita Bonge. Cheti chake kilisema pombe. Nilikisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikaongeza na langu: "Jamani, gongo anywe yeye, shingo zivunjike zetu?" Watu wakashika mbavu. Tukakata shauri kwamba ugonjwa wa kujitakia haubebewi. Mkewe akanifuata, akaniuliza, "Shemeji, si ulikuwa unakunywa naye?" Nikamjibu, "Mimi nainywa pombe, mumeo pombe inamnywa yeye." Wakacheka tena. Bonge alirudi kubeba mizigo tumbo limemvimba, akamaliza wiki mbili, akaondoka kwenda kwao Rufiji. Sijui kama yu hai.

Miezi mitatu iliyopita nilitapika damu. Daktari akaandika kwa Kiswahili safi: ini limeharibika kwa pombe, asiiguse tena. Kikaoni nilisimama, nikasoma, "Mgonjwa ameumia kifua kwa mizigo mizito." Hakuna aliyeguna. Nani ambishie profesa? Tangu siku hiyo wananibebea.

Anayenitesa ni mzee mmoja, nitamwita Mzee Abeid ingawa silo jina lake. Amepita miaka sitini, mgongo umeshapinda, na kila jioni huniletea ujira mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe pumzika, mzigo wako uko kwetu."

Akishaondoka, na hapa naona haya hata kuandika, nachomoa kidogo katika hela ileile, nateremka Jangwani kwa mama muuza gongo. Nimeapa kwa Mungu na kwa vichwa vya wanangu. Jana nilikwenda.

Juzi mzee alikuja na kitabu kwapani. Kumbe ameingia kisomo cha watu wazima. Akaketi kitandani kwangu, akaisoma kalenda ukutani herufi kwa herufi, machozi yanamlenga kwa furaha. Kisha akasema, "Mwalimu anataka tusome maandishi ya kweli, si ya kitabuni tu. Kikao kijacho cheti chako nitakisoma mimi. Umetusomea vya kutosha, mwanangu."

Nilicheka, nikampa hongera. Nikikichana cheti, gunia linakoma na wanangu wanalala njaa. Nikikitoa, wataniuliza habari za Bonge. Mke wangu anajua yote. Ananiambia, "Sema mwenyewe kabla hujasemewa." Yeye hakuwapo siku ile tunapitisha sheria. Mimi ndiye niliyeitunga, na huruma sikuiweka. Kufa naogopa. Kikao kile nakiogopa zaidi.

Ndugu zangu, nipeni neno. Nisimame nikiri, au ninyamaze mzee aendelee kuvunjika mgongo kwa ajili ya chupa yangu? Mkinijibu, jibuni upesi, na tumieni maneno marefu marefu. Mzee Abeid ameanza kununua gazeti hili.